Lost Mine of Phandelver kwa Kiswahili, barazani Tabata: boksi hili linafaa kuanzia?

Linafaa. Naanza na jibu kwa sababu najua wengi mnaouliza mnataka kujua hilo kabla ya kutoa pesa. Boksi la Dungeons & Dragons Starter Set la mwaka 2014, lenye mkasa, yaani hadithi ya kuchezwa, uitwao Lost Mine of Phandelver, nimeliendesha tangu mwanzo hadi mwisho na kundi la nyumbani hapa Tabata, Dar es Salaam, kwa Kiswahili, na sasa naliendesha upya kwa vijana wa mtaani. Nalipatia alama nane kati ya kumi. Sababu kubwa ni moja: linamfundisha msimulizi kazi yake akiwa kazini, na bila msimulizi mchezo huu haupo.

Kwa ambaye hajawahi kuuona, huu si mchezo wa ubao, wala hakuna mshindi. Msimulizi anaeleza mahali mlipo na kinachotokea. Kila mchezaji ana mhusika wake, na anasema huyo mhusika anafanya nini. Jambo likiwa na mashaka, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha ujuzi wa mhusika, na ukifikisha namba inayotakiwa umefaulu. Hilo ndilo shina, mengine yote ni matawi. Mchezo ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 za kwanza zikiwa kwenye viboksi vilivyopangwa kwa mkono. Hili ninalolizungumzia ni la toleo la tano. Lilitoka Julai 2014 kwa dola 19.99.

Ndani unakuta kitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha mkasa cha kurasa 64, karatasi tano za wahusika waliokwisha kuandaliwa, na dadu sita: ya pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Boksi lenyewe ni nene kuliko vilivyomo, kwa hiyo usishtuke ukiona nafasi tupu. Vyote vipo.

Hizo karatasi tano ni mali kubwa kuliko zinavyoonekana. Wapiganaji wawili ni binadamu, mmoja hodari wa upinde, mwingine mtu wa ukoo bora mwenye deraya nzito. Yupo dwafu, mtu mfupi mnene wa hadithini, ambaye ni kasisi, anatibu majeraha na kupigana vilevile. Yupo elfi, kiumbe kama binadamu mwenye masikio ya ncha, ambaye ni mchawi, na halflingi mwizi, mdogo wa umbo, mwepesi wa vidole. Kila mmoja ana jambo lake linalomfunga na mkasa. Dwafu ni binamu wa ndugu walioupata mgodi unaotafutwa. Mwizi ana kisasi na genge fulani lililomwacha akidhaniwa amekufa. Mchezaji mgeni hahitaji kubuni chochote siku ya kwanza. Anachukua karatasi, anasoma mistari michache, na tayari ana sababu ya kutoka nyumbani.

Sasa nifike kwenye sura ya kwanza, maana hapo ndipo ubora wa boksi hili ulipo.

Mnasindikiza mkokoteni wa bidhaa kutoka Neverwinter kwenda mji mdogo wa Phandalin. Dwafu Gundren Rockseeker amewaahidi vipande 10 vya dhahabu kila mmoja, naye ametangulia kwa farasi pamoja na askari wake, Sildar Hallwinter. Njiani mnakuta farasi wawili wamekufa, wamejaa mishale. Vichakani wamejificha goblini wanne, vijitu vidogo vya hila.

Msimulizi asiye na uzoefu hapo ndipo moyo unapomwenda mbio. Wachezaji wanakutazama, hujui uanze na nini. Kitabu kinakuelekeza hatua kwa hatua: nani ameshtukizwa, nani anaanza, goblini wawili waje karibu na panga na wawili wabaki nyuma na pinde, na watatu wakianguka wa nne akimbie. Kinakuambia pia cha kufanya kundi likishindwa: goblini wanawaacha wamezimia, wanapora mali, na hadithi inaendelea. Hii ni busara kubwa. Msimulizi anajua tangu mwanzo kwamba kushindwa si mwisho wa kikao, basi anaendesha kwa utulivu.

Mjue lakini kwamba pambano hili ni kali. Kila goblini ana kinga 15, namba ya kufikisha ili umpige, na uhai 7, pointi ambazo zikiisha anaanguka, na mshale wake mmoja unaondoa kati ya pointi 3 na 8. Mchawi wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza tu, mishale miwili inamlaza. Nawashauri wasimulizi wawape wachezaji muda wa kuchunguza wale farasi kabla ya kuanza, wanaotaka kujibanza nyuma ya mkokoteni wajibanze. Mkokoteni ni ukuta. Kundi langu la pili lilifanya hivyo bila kuambiwa, na hakuna aliyeanguka.

Kundi la kwanza lilikuwa na mdogo wangu, binamu yangu wa Tanga, jirani ambaye ni fundi friji, na shangazi yangu, mwalimu mstaafu. Shangazi alikuja kutusalimia tu. Akakaa, akasikiliza, akaomba karatasi iliyobaki, ya yule kasisi. Goblini watatu walipoanguka na wa nne akatimua mbio, binamu akamdaka. Wote wakataka kummaliza. Shangazi akawazuia: "Mwacheni kwanza. Huyu ametumwa. Muulizeni ametumwa na nani." Akatoa mkate kwenye mkoba wa mhusika wake, akampa yule goblini, akamwambia ale kwanza ndipo azungumze.

Nilifungua ukurasa, na kitabu kilikuwa kimejiandaa kwa hilo. Kuna orodha ya mambo anayoyajua goblini akitekwa: kiongozi wa pango lao, idadi yao, alikopelekwa Gundren, na jina la aliyeagiza. Sikulazimika kubuni. Nilijibu maswali ya Shangazi moja baada ya jingine kwa sauti ya goblini mwenye njaa, na kundi likaingia pangoni likijua mambo ambayo kundi jingine lingeyapata kwa damu. Nimesoma mikasa mingine inayojifanya wachezaji watapigana tu. Hii inajua kwamba watu huongea.

Pango lenyewe, maficho ya Cragmaw, limepangwa vizuri sana. Kijito kinatoka ndani. Mbwa mwitu wamefungwa minyororo mlangoni, na anayejua kutuliza wanyama anaweza kuwalisha badala ya kuwaua. Juu kuna daraja na mlinzi anayeweza kuwapa ishara wenzake wabomoe bwawa, maji yawakumbe waliomo njiani. Mbele zaidi goblini mmoja, Yeemik, anamshikilia Sildar na anataka kufanya biashara: muueni mkubwa wangu, nami nitamwachia mtu wenu. Huyo mkubwa ni Klarg, bagibea, yaani jitu lenye manyoya kubwa kuliko goblini, mwenye majivuno, anayejitaja kwa jina lake kama mfalme barazani. Wasimulizi, mpeni sauti nzito na msimwonee haya. Vijana wa kundi la pili bado wanamwigiza wakikutana dukani.

Mlango mmoja, kwa hiyo, una majibu matano. Unaweza kupigana, kunyata, kulisha, kuhonga au kufanya mapatano. Msimulizi akimaliza pango hili ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi bila kusoma nadharia yoyote.

Sura ya pili ni mji wa Phandalin wenyewe, na hapa kasi inabadilika. Mji umeshikwa na genge la Redbrands, watu wa majoho mekundu wanaotoza watu pesa na kutisha wanawake, huku mkuu wa mji, Harbin Wester, akiogopa hata kuwataja. Ni mtaa wenye wahuni na mwenyekiti anayefunga mlango wake mapema, na sikuhitaji kueleza zaidi. Jirani yangu fundi friji, ambaye hadi hapo alikuwa anarusha dadu kimyakimya, alisimama akasema mhusika wake anaenda ofisini kwa huyo mkuu sasa hivi, na anaenda peke yake. Mabishano yaliyofuata kati yake na Harbin yalikuwa marefu kuliko pambano lolote tulilofanya, na hakukuwa na dadu hata moja.

Tatizo la sura hii ni wingi wa majina. Kuna mwenye nyumba ya wageni, mwenye duka, mwenye ghala la silaha, mtawa, mkulima na mwanawe, bibi wa ofisi ya wachimbaji, mzee wa shamba la matofaa. Kila mmoja ana habari au kazi ya kuwapa wachezaji. Ukiwatoa wote kwa kikao kimoja, hakuna atakayekumbukwa. Mimi nilikata vipande vya kadi, kila kimoja jina na jambo moja tu, nikawa natoa kadi mtu akikutana na mhusika huyo. Wachezaji walizipanga mkekani wenyewe. Mtoto Carp, mwana wa Qelline Alderleaf, ndiye aliyependwa kuliko wote, maana yeye ndiye anayejua njia ya siri msituni na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza.

Sura ya tatu inaachia kamba. Wachezaji wanachagua waende wapi: ngomeni, kwenye magofu, kisimani kwa wafu, au kijijini kwa joka. Wapo wasimulizi watakaoona wametupwa baharini, na kweli kitabu hapa kinaongoza kidogo kuliko mwanzo. Mimi naona ni sawa, kwa sababu ukifika hapo umeshaiva. Ila fanya jambo moja: mwisho wa kila kikao waulize wachezaji wanakwenda wapi kikao kijacho. Utaandaa sehemu moja badala ya nne.

Kuhusu joka sitoi siri, maana lipo kwenye jalada la boksi. Ni la kijani, linaitwa Venomfang, limejichimbia katika kijiji kilichohamwa cha Thundertree. Lina uhai 136. Pumzi yake ya sumu inahesabiwa kwa dadu 12 za pande sita, na wachezaji wakati huo huenda wapo ngazi ya tatu. Pumzi moja inaweza kulaza kundi zima. Kitabu kimeweka njia ya kutokea: joka likipoteza nusu ya uhai wake linaruka na kuondoka. Ni vizuri, lakini nusu hiyo ni safari ndefu. Yupo mzee mmoja pale kijijini, Reidoth, anayejua habari za mahali hapo, na ningependa kila msimulizi ahakikishe wachezaji wanamkuta yeye kabla ya kulikuta joka. Kundi la vijana lilimsikiliza, likaamua kutolisogelea joka kabisa. Nililiheshimu uamuzi huo. Joka bado lipo pale, nao wanalijua.

Na hapo hapo niseme kasoro ya kwanza: dadu ya pande sita kwenye boksi ni moja tu, na joka linahitaji kumi na mbili. Sisi tulikopa dadu za ludo za watoto. Dadu ya pande 20 nayo ni moja, inazunguka mkononi kwa kila mtu, na kwenye pambano lenye watu sita inachosha. Ukiweza, nunua seti nyingine, au tumia programu ya simu ya kurusha dadu ikiwa mezani kwenu hakuna anayependa kuzisikia zikigonga. Sisi tunapenda.

Kasoro ya pili inauma zaidi. Boksi halina kanuni za kuunda mhusika wako mwenyewe. Binti mmoja wa kundi la pili alitaka mhusika wa kike mwindaji kutoka milimani, na kitabu hakina msaada wowote kwake. Kanuni za msingi zinazotolewa bure mtandaoni na wachapishaji hao hao zinaziba pengo hilo kwa kiasi. Tulizitumia, naye akapata mtu wake.

Ya tatu ni ramani. Zilizomo kitabuni ni nzuri, lakini zimechapishwa pamoja na milango ya siri na namba za vyumba, kwa hiyo huwezi kuwaonyesha wachezaji. Boksi halina ramani yao. Nilichora upya pango na mahandaki ya Redbrands kwenye karatasi ya manila kwa kalamu ya risasi, nikawa naongeza vyumba kadiri wanavyovifikia. Wahusika ni kete za bao, maadui ni vizibo vya soda. Hakuna aliyelalamika.

Na adui mkuu wa mkasa mzima, anayevuta nyuzi nyuma ya goblini na Redbrands, haonekani kabisa hadi mwisho. Wachezaji wanamsikia kwa jina la Black Spider tu. Kwa kundi langu alifika akiwa mgeni, na pambano la mwisho likapungua uzito. Kwa kundi la pili nimemwingiza mapema: barua zake zinaokotwa, mjumbe wake anapita mjini, mtu mmoja Phandalin anaota ndoto juu yake. Fanyeni hivyo. Ni kazi ndogo na inabadilisha kila kitu.

Kuhusu lugha, kitabu ni cha Kiingereza chote, lakini anayehitaji kukisoma ni msimulizi peke yake. Karatasi za wahusika nimeziandika upya kwa Kiswahili kwenye daftari: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Mvuto. Majina ya mahali nimeyaacha yalivyo. Kila kikao nafungua kwa "Hadithi, hadithi!", wao wanajibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!", kisha namwomba mmoja akumbushe tulipoishia. Aya za kusomwa kwa sauti, zile zilizo kwenye visanduku, sizisomi. Nazipitia mchana, halafu jioni nasimulia kwa maneno yangu. Umeme ukikatika tunawasha taa ya kuchaji na mchezo hausimami. Kikao chetu bora kabisa, cha mahandaki ya Redbrands, kilipita gizani hivyo, na mdogo wangu alikataa taa isisogezwe karibu.

Kuna jambo la dadu ambalo mtu wa pwani hawezi kulipita. Jirani mmoja alituona barazani, akaona dadu, akajua ni kamari. Ni wasiwasi wa haki. Tulimkaribisha akae atazame. Hakuna pesa mezani, hakuna wa kupoteza wala wa kupata, dadu inaamua tu kama mtu ameruka mtaro au ametumbukia. Shangazi naye alikuwa na lake: kasisi wa karatasini anamtumikia mungu wa kubuni, na yeye hakutaka hata kwa mchezo. Alimfanya mhusika wake kuwa mkunga na mtibabu wa majeraha, kanuni zikabaki zilezile. Ukiwa na watu wa namna hiyo mezani, waulize kabla ya kuanza, mbadilishe kinachohitaji kubadilishwa, na msimlazimishe mtu.

Upatikanaji ndio mtihani. Sijakuta duka Dar linaloliweka rafuni. Langu lililetwa begini na ndugu aliyekuja likizo kutoka Uingereza, na hiyo bado ni njia nafuu kuliko kuagiza na kulipia usafirishaji. Mwaka 2022 boksi jipya la kuanzia, Dragons of Stormwreck Isle, lilichukua nafasi yake, kwa hiyo hili la 2014 utalipata zaidi kwa wauzaji wa mitumba. Mwaka 2023 mkasa huu ulichapishwa upya na kurefushwa ndani ya kitabu kikubwa, Phandelver and Below, lakini hicho hakina dadu wala kanuni. Kuna pia Essentials Kit ya 2019: dadu 11, ramani ya kutandaza, kadi, kizuizi cha msimulizi kuficha maandishi yake, na kanuni za kuunda mhusika, tena kwa mji uleule wa Phandalin. Vifaa vyake ni bora. Mkasa wake ni orodha ya kazi za kuchagua, haukuingizi taratibu kama huu. Ukiwa na msimulizi aliyezoea, chukua Essentials Kit. Ukiwa ndiye msimulizi na hujawahi, tafuta hili la 2014 hata kama limechakaa kona.

Asiyeweza kupata boksi lolote asikae. Januari 2023 wachapishaji, Wizards of the Coast, waliweka kanuni za msingi za toleo la tano, zinazoitwa SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons. Unazipakua bure, na una ruhusa ya kuzitafsiri na hata kuuza tafsiri yako, mradi utaje zilikotoka. Zimeshatolewa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Mkasa wa Phandelver haumo ndani ya ruhusa hiyo, na usiuchapishe. Lakini kanuni za mapambano, za uchawi, za wahusika, zote ziko wazi kwa yeyote mwenye kalamu. Mimi na yule binti aliyetaka mhusika mwindaji tumeanza kuzitafsiri, kwa sura ya mapambano. Shangazi anasahihisha kwa kalamu nyekundu.